Kabla ya Kupaka Kalipa Rangi, Zifungue

Kijana akishapata Probox yake ya kwanza, akaiosha mpaka rimu zikang'aa, jicho lake halikawii kuangukia kile kipande cha chuma kilichojibanza nyuma ya rimu, kimeshika kutu na kugandwa na tope la mto. Hapo ndipo wazo la kopo la rangi humjia. Ameziona kalipa nyekundu kwenye magari ya fahari na ya mashindano, hasa tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, naye anataka zake. Sina neno na tamaa hiyo. Gari ni mali, na mwenye kuipenda mali yake huitunza. Kazi yenyewe haidai gereji kubwa. Inafanyika nyumbani, hapa hapa kijijini Hewani kwenye delta ya mto Tana, chini ya mwembe, kwa vifaa ambavyo vingi vyake vinapatikana Garsen mjini. Ninalolisisitiza ni moja: rangi iwe kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza, na ndiyo kubwa, ni kuifungua kalipa, kuisafisha na kuikagua. Anayepaka bila kufungua ameufunika ugonjwa tu, na ugonjwa wa breki ukijitokeza hujitokeza barabarani.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kalipa ni ile kastini inayoishika diski ya breki kwa pande zote mbili. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, pistoni husukuma pedi, na pedi hubana diski. Kwenye magari mengi madogo tunayoendesha, pistoni ni moja tu nayo iko upande wa ndani. Ili pedi ya nje nayo ibane, mwili mzima wa kalipa lazima uteleze juu ya pini mbili zilizopakwa grisi. Pini hizo zikikauka au zikishika kutu, kalipa inakwama. Pedi moja inaisha huku mwenzake bado nene, gari linavuta upande mmoja ukifunga breki, na wakati mwingine pedi haziachii diski hata ukishaondoa mguu. Zikumbuke pini hizo, maana nitazirudia.

Probox ina diski mbele na dramu nyuma, na ndivyo zilivyo Hiace nyingi na pickup nyingi za kazi. Kwa hiyo usinunue rangi ya magurudumu manne kabla hujachungulia. Huenda una kalipa mbili tu. Dramu za nyuma unaweza kuzipaka kwa nje ili zifanane, lakini pale rimu inapolalia dramu usipake kitu.

Kwa nini kutu hushambulia kalipa kwa kasi huku kwetu? Kalipa nyingi ni chuma cha kusubu, na kiwandani hutoka na kinga hafifu au bila rangi kabisa. Halafu gari lenyewe linaishi kwenye uwanda wa mafuriko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliubomoa hata mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, hapa deltani, sembuse bolti za gari. Mwishoni mwa 2023 maji yalirudi, na kati ya Aprili na Mei 2024 yakaja tena. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatika pale Gamba, na magari yaliyothubutu kupita yalipita maji yakiwa juu ya kitovu cha gurudumu. Tope la Tana ni laini mno. Huingia mahali ambapo mchanga hauwezi kuingia, likikauka linashika, na likipata unyevu tena linaamsha kutu. Ongeza chumvi. Ukiteremka Malindi unapita maeneo ya mashamba ya chumvi ya Gongoni, ukielekea Kipini unakutana na upepo wa bahari, na huko chini Ozi maji ya bahari hupanda mtoni wakati mto umepungua nguvu. Gari lililotoka huko lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani ya magurudumu hasa, hata kama bodi inaonekana safi.

Kwa mazingira haya rangi ina faida ya kweli. Inakizuia chuma kisiguswe na maji na chumvi, na inarahisisha usafi, kwa kuwa tope halishiki sana juu ya uso laini. Haiongezi nguvu ya breki hata kidogo. Breki za Brembo, kampuni ya Italia iliyoanzishwa mwaka 1961 na iliyoanza kuitengenezea Ferrari breki mwaka 1975, hazisimamishi gari kwa sababu ya wekundu wake. Zinalisimamisha kwa ukubwa wa diski, idadi ya pistoni na ubora wa pedi. Akikwambia mtu kwamba rangi inapooza breki, mwache aendelee na safari yake.

Sasa rangi gani? Rangi ya kawaida ya ukutani au ya geti haifai, kwa kuwa breki huzalisha joto na rangi hiyo italainika, itachubuka na kuvua magamba. Tafuta iliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya kalipa, au ya injini. Rangi nyingi za injini huhimili nyuzi joto 250 hivi za selsiasi, na zile za kalipa huandikwa hata zaidi ya 400. Kwa gari la nyumbani linalozunguka Hewani, Wema, Garsen na Witu, rangi nzuri ya injini inatosha. Delta yetu ni tambarare, hatuna miteremko mirefu ya kuchemsha breki. Matatu inayobeba mzigo hadi Mombasa inunuliwe ya kalipa hasa. Jihadhari na ile rangi nyeusi ya jiko na ekzosi inayohimili nyuzi 600 na kuendelea: nyingi ya aina hiyo haikomai mpaka ipashwe joto kali, joto ambalo kalipa haipaswi kulifikia kamwe, kwa sababu ndani yake mna mipira na mafuta. Ukiipaka itabaki laini, na tone la mafuta ya breki litaiyeyusha.

Kuhusu kopo la kupuliza na brashi, mimi ni mtu wa brashi. Upepo wa mchana hapa deltani huibeba rangi ya kupuliza na kuitua kwenye diski, kwenye tairi na kwenye mlango wa gari la jirani. Brashi nyembamba ya inchi moja, yenye nywele laini zisizong'oka, inaifikisha rangi unapotaka na si kwingineko. Rangi za brashi kwa chuma husawazika zenyewe zikikauka, alama za nywele hazionekani ukisimama hatua mbili. Kwa mtu anayefanya mara ya kwanza, sioni sababu ya kupuliza.

Na rangi yenyewe iwe ipi? Nyekundu inapendeza, sikatai. Lakini kwa gari la kazi ningechagua ya kijivu hafifu au ya fedha. Mafuta ya breki yakivuja huacha doa la unyevu, na doa hilo huonekana haraka juu ya rangi nyepesi. Juu ya nyeusi halionekani mpaka kiwango cha mafuta kishuke.

Chagua msimu. Januari hadi Machi, kabla ya masika, ndio wakati mzuri: hewa ni kavu kiasi na mvua ni chache. Rangi ikipakwa kwenye hewa nzito yenye unyevu hufifia na kuwa na ukungu mweupe, na chuma kilichosafishwa huanza kuvuta kutu mpya kabla hujamaliza kufungua kopo. Anza asubuhi umande ukishakauka. Usipake juani saa saba: chuma kilichopata jua hukausha thina haraka kabla rangi haijatulia, nayo hutoka na vitundu na mikunjo. Kivuli cha mwembe kinafaa, ila tandika turubai juu ikiwa mti unaangusha maua.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu kuna jambo linaloua watu. Gari linaponyanyuliwa juu ya udongo mweusi wa delta, jeki huzama. Ukiwa umelala chini, au mkono uko ndani ya fenda, inatosha jeki iegemee sentimita chache tu. Tafuta mahali pagumu pakavu, weka chini ya jeki ubao mpana na mnene, usiopungua upana wa sahani ya kulia, ili uzito usambae. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo mbele na nyuma, vuta hendibreki, tia gia. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini. Likishanyanyuka, liegemeze juu ya stendi za chuma, nazo pia juu ya ubao. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kushikilia ni stendi. Tofali la saruji lenye matundu hupasuka ghafla bila onyo, usilitumie. Kama huna stendi, azima kwa fundi, au subiri siku nyingine. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya bodi karibu na mahali unapofanyia kazi, liwe kinga ya mwisho. Watoto na mbuzi wakae mbali.

Fanya upande mmoja kwa wakati mmoja. Upande wa pili ukiwa haujaguswa, unao mfano wa kutazama unaposahau kipande kilikaa vipi. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua chochote.

Kabla ya spana, kuna usafi wa awali. Vumbi jeusi la pedi usilipulize kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo nyuzi zake zikiingia mapafuni husababisha kansa miaka mingi baadaye, na hata vumbi la pedi za kisasa halina rafiki kifuani. Lowesha kwa maji yenye sabuni, sugua kwa brashi, suuza. Maji hayo machafu yamwage kwenye shimo mbali na mto. Watu wetu huteka maji ya kunywa Tana, na aliye chini ya mto anakunywa kilichopita Hewani.

Kisha toa bolti mbili za pini nyuma ya kalipa, inua mwili wa kalipa na uutundike kwa waya kwenye springi. Usiuache uning'inie kwa mpira wa breki, ule unaoleta mafuta. Mpira huo unaweza kupasuka kwa ndani bila kuonyesha kitu nje. Mpira wenyewe usiufungue. Ukiufungua mafuta yatamwagika, hewa itaingia, na kazi ya rangi itageuka kazi ya kutoa upepo kwenye breki, ambayo inataka mtu wa pili na ujuzi zaidi. Na kalipa ikiwa imetoka, mtu yeyote asiguse pedali. Mwambie aliyekaa ndani ya gari akisikiliza redio atoke nje. Pedali ikikanyagwa pistoni itaruka kutoka kwenye nyumba yake.

Sasa tumefika kwenye pini. Kila moja imekaa ndani ya tundu lake, imevishwa mpira wa kuzuia vumbi. Ivute kwa mkono. Ikitoka kwa ulaini huku imelowa grisi safi, una bahati. Kwa gari lililopita mafurikoni, mara nyingi hutoka kwa kunung'unika. Fundi mmoja wa Garsen alinionyesha pini ya Noah iliyokaa kwenye maji ya mto: nusu yake ilikuwa inang'aa, nusu nyingine imevaa ganda la kahawia, na ndani ya mpira grisi ilikuwa imechanganyika na tope ikawa uji wa kijivu. Mwenye gari alikuwa amekuja kununua pedi. "Mwanangu," fundi akamwambia, akimkabidhi ile pini mkononi, "hii ndiyo inayokula pedi zako. Ukiniletea pedi mpya leo, baada ya muda mfupi utarudi tena." Kijana aliigeuza ile pini mara mbili tatu, akauliza dawa yake. Dawa ilikuwa msasa mwembamba, kitambaa safi, grisi inayofaa na mpira mpya. Gharama yake haikukaribia hata nusu ya bei ya pedi.

Grisi inayofaa ndilo neno la kushika. Mipira ya breki haielewani na mafuta ya petroli. Grisi ya bearingi, oili ya injini, dizeli, petroli na mafuta ya taa huivimbisha mipira hiyo na kuilegeza, kisha pini hubanwa ndani ya mpira uliovimba na tatizo linakuwa baya kuliko la mwanzo. Nimeona watu wengi wema wakiosha kalipa kwa mafuta ya taa kwa sababu hutoa uchafu vizuri. Ni kweli hutoa uchafu, na pia huua mpira wa pistoni. Osha kwa sabuni na maji, au kwa dawa maalumu ya kusafishia breki, na kwenye pini tumia grisi ya silikoni au ile iliyoandikwa kuwa ni ya breki. Kama maduka ya Garsen hayana, agiza Malindi. Kikopo kimoja kidogo kinatosha magari kadhaa. Angalia pia kama pini moja ina kipande cha mpira nchani na nyingine haina. Zina nafasi zake, ya juu na ya chini, zisibadilishane. Mpira wa vumbi uliopasuka ubadilishwe. Pini iliyochimbika kwa kutu itupwe inunuliwe nyingine, maana ukiisugua kwa msasa mkali inapungua unene na kalipa itagonga gonga barabarani.

Ukiwa hapo, pima pedi. Kitambaa cha msuguano, bila kuhesabu bamba la chuma, kikifika milimita 3 nunua mpya. Kikomo cha mwisho cha Toyota nyingi ni milimita 1, lakini kwa barabara zetu na umbali wa maduka yetu sikushauri ukingojee. Linganisha ya ndani na ya nje. Zikitofautiana sana, tayari umejua pini zilikuwa zinafanya nini. Diski nayo ina unene wake wa mwisho, umechongwa kwenye diski yenyewe. Mpira wa pistoni ukiwa umelowa mafuta, au ukiona unyevu kwenye kiungo cha mpira wa breki, acha rangi kabisa. Hiyo ni kazi ya fundi, na rangi itangoja.

Kama yote ni mazima, sasa una haki ya kufungua kopo.

Sugua chuma kwa brashi ya waya mpaka magamba ya kutu yaishe, kisha msasa wa wastani kwenye sehemu pana. Huna haja ya kukifikisha chuma kwenye weupe. Kutu iliyoshika sana ndani ya vinyweleo inaweza kubaki, ile ya juu inayobanduka ndiyo isibaki. Brashi ya waya isiguse mipira. Futa kwa kitambaa kilicholowa dawa ya breki au spiriti, ngoja ikauke, na baada ya hapo usikishike kwa mkono mtupu, kwa kuwa mafuta ya vidole hutosha kuizuia rangi isishike.

Kuziba ni nusu ya kazi ya rangi, na hapa usiwe na haraka. Diski ifunike kwa mfuko wa plastiki au magazeti na tepu. Ziba pistoni na mpira wake, mpira wa breki, matundu ya pini, na kile kinipu kidogo cha kutolea upepo. Rangi ikikiziba, siku fundi akitaka kutoa upepo atakivunja. Ziba zile nafasi ambazo masikio ya pedi hutelezea kwenye mkono wa kalipa. Tabaka la rangi pale linatosha kuibana pedi isirudi, na utakuwa umeleta kwa brashi ugonjwa uleule uliouondoa kwa msasa. Acha bila rangi pia nyuso zinazolaliwa na vichwa vya bolti. Rangi iliyobanwa chini ya bolti husagika kadiri siku zinavyokwenda, na bolti uliyodhani imekaza inalegea.

Koroga rangi vizuri, paka tabaka jembamba, la kwanza lionekane kama halijatosha. Ngoja dakika 15 hadi 20, au kama kopo linavyosema, paka la pili, halafu la tatu ikihitajika. Matabaka mawili membamba yanashinda moja nene. Nene huteremka, hukauka juu na kubaki bichi chini. Vaa barakoa, kaa upande upepo unakotoka, na usivute sigara karibu na thina. Nusu saa baada ya tabaka la mwisho, toa tepu taratibu rangi ikiwa bado na ulaini kidogo. Ikikauka kabisa tepu hung'oka nayo. Kisha liache gari mpaka kesho. Najua hili ni gumu kwa mwenye gari la biashara. Panga kazi iwe siku ambayo huna safari, kwa sababu rangi iliyorudishwa barabarani jioni ileile itabeba vumbi la barabara yote ya Garsen.

Asubuhi yake unarudisha. Kama umeweka pedi mpya, pistoni itahitaji kusukumwa ndani. Isukume polepole kwa klampu huku ukitazama chombo cha mafuta ya breki kisifurike. Mafuta hayo yakitua juu ya rangi yako mpya, au ya bodi, yataila. Yasuuze kwa maji mara moja. Na kama gari lilizama mafurikoni, mafuta yenyewe yabadilishwe. Mafuta ya breki hufyonza maji: ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 205, yakishanywa maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na mafuta yanayochemka hukuachia pedali inayozama bila breki.

Paka pini grisi yake, rudisha kalipa, kaza bolti kwa kipimo cha gari lako. Hakikisha mpira wa breki haukujipinda. Rudisha gurudumu, kaza nati kwa mtindo wa msalaba gari likiwa chini. Toyota nyingi ndogo zinataka Newton mita 103, nguvu ambayo wili spana ya kawaida huifikia bila kuirukia kwa miguu. Kaza tena baada ya kutembea kilomita chache.

Rangi ikishakaa, itakufanyia kazi ambayo pengine hukuitarajia. Itakuwa shahidi wa joto. Nimesema delta ni tambarare, breki zetu hazina sababu ya kuungua. Kwa hiyo ukiona kalipa ya kushoto imebadilika ikawa ya kahawia au rangi inavua magamba, na ya kulia iko vilevile, usilaumu kopo. Kalipa hiyo imekwama na inasugua njia nzima. Ukimaliza safari, pitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Linalochoma kuliko mwenzake lifunguliwe.

Baada ya kila msimu wa maji, rangi ikiwepo au isiwepo, zitoe pini uziangalie. Gari likipita kwenye maji, kanyaga breki kidogo kidogo ukiwa kwenye mwendo wa chini mpaka zikauke, hasa dramu za nyuma ambazo hushika maji kwa muda. Na maji yanayotembea kwa kasi usiyaingie hata ukiwa na breki mpya za dunia nzima. Sentimita 30 zinatosha kuanza kulielesha gari dogo.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo la kutosahau kabisa. Baada ya kurudisha kalipa, pistoni imekaa mbali na pedi, na mkanyago wa kwanza wa pedali utazama hadi sakafuni. Kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka ipande na kuwa ngumu. Tazama chombo cha mafuta, tazama kama kuna tone popote. Kisha tembea kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, uwanjani, mbali na watu, ufunge breki mara tatu nne. Pedali ikibaki laini, au ikizama polepole ukiikanyaga, zima gari palepale ulipo na umwite fundi aje nyumbani. Usilipeleke kwake.